Kidinga Pepo katika Maktaba ya Tiba: Safari ya Neno Moja la Kiswahili

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anapokutana na neno kidingapopo kamusini hulipita upesi, akidhani kwamba ni zao la wataalamu wa istilahi waliotaka kuziba pengo lililoachwa na neno la kigeni dengue. Wakati homa hiyo ilipozuka Mombasa mwaka 2013 na Dar es Salaam mwaka 2014, wasemaji wengi walitumia jina la kigeni, na waliotumia la Kiswahili walionekana kana kwamba wanatafsiri. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uhusiano wa maneno haya mawili yamkini ni wa kinyume. Neno la Kiswahili lilikuwa likitumika Unguja katika karne ya 19. Daktari wa kigeni alilisikia, akaliandika, na kudai kwamba ndilo mzazi wa jina ambalo dunia nzima inalitumia leo.

Ushahidi wa jambo hili haukuhifadhiwa katika diwani wala katika utenzi. Umehifadhiwa katika majarida ya madaktari, ndani ya maktaba za tiba za Marekani na Uingereza, na kwa miaka mingi mhakiki wa fasihi aliyekaa Nairobi au Dar es Salaam hakuwa na njia rahisi ya kuufikia. Sasa kurasa hizo zimepigwa picha na kuwekwa katika mikusanyo ya dijitali. Swali tunalolikabili si la furaha ya kuvipata vilivyokuwa mbali tu. Tunauliza: hifadhi ya tiba inahifadhi nini cha Waswahili, inakihifadhi kwa sauti ya nani, na mhakiki wa fasihi ana wajibu gani mbele ya hifadhi hiyo?

2. Kutoka rafu hadi tarakilishi

Ili tuelewe jinsi neno la Unguja lilivyofika kwenye tarakilishi ya msomaji wa leo, hatuna budi kuieleza kwa muhtasari maktaba yenyewe. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ambayo sasa iko Bethesda, Maryland, inahesabu mwanzo wake kuwa mwaka 1836, ilipokuwa mkusanyo mdogo wa vitabu katika ofisi ya Daktari Mkuu wa jeshi. Aliyeikuza ni John Shaw Billings, daktari wa upasuaji aliyetumika katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe na aliyekabidhiwa vitabu hivyo mwaka 1865. Kwa takriban miaka 20, kuanzia 1866 hadi 1887, maktaba ilikaa katika jengo la Ford's Theatre jijini Washington, palepale Abraham Lincoln alipopigwa risasi. Jumba la michezo ya kuigiza likageuzwa kuwa jumba la kumbukumbu za miili na maradhi.

Billings hakuridhika na kukusanya. Alielewa kwamba kitabu kisichoorodheshwa ni sawa na kitabu kisichokuwapo. Mwaka 1879, akishirikiana na Robert Fletcher, alianzisha fahirisi ya kila mwezi iliyoitwa Index Medicus. Na mwaka 1880 lilitoka juzuu la kwanza la Index-Catalogue, orodha kubwa iliyopanga vitabu na makala za majarida kwa waandishi na kwa mada. Kazi hiyo iliendelea hadi mwaka 1961 na kufikia majuzuu 61. Bunge la Marekani liliifanya maktaba kuwa ya taifa mwaka 1956, na jengo la Bethesda likafunguliwa mwaka 1962. Mwaka 1964 fahirisi ilianza kutayarishwa kwa tarakilishi. Mwaka 1971 ikaanza kusomwa kwa njia ya simu. Na mwaka 1997 ikafunguliwa kwa umma bila malipo kwa jina la PubMed. Mwaka 2000 iliongezwa hifadhi ya makala kamili, PubMed Central. Kuanzia mwaka 2004 maktaba hiyo ilishirikiana na Wellcome Trust pamoja na JISC ya Uingereza kuyapiga picha majarida ya zamani ya tiba, ukurasa kwa ukurasa, likiwamo British Medical Journal tangu toleo lake la mwaka 1840. Mikusanyo ya dijitali ya vitabu, picha na filamu ilifuata mwaka 2010.

Mambo mawili katika historia hii yanatuhusu. La kwanza ni kwamba kitu kikongwe kuliko vyote katika maktaba hiyo kimeandikwa kwa Kiarabu: ni nakala ya sehemu ya Kitab al-Hawi cha al-Razi, iliyokamilishwa mwaka 1094. Hati hizo za Kiarabu ndizo zilizobeba pia elimu ya tiba iliyosomwa na kunakiliwa katika miji ya pwani yetu. Basi maktaba ya tiba ya Magharibi si mali ya Magharibi peke yake tangu rafu yake ya kwanza. La pili ni kwamba kinachoingia katika hifadhi ya dijitali ni kile kilichokuwa kimekwisha kuchapishwa, kununuliwa, kufungwa jalada na kuorodheshwa. Mashine haikuchagua upya, bali ilirithi uchaguzi wa karne ya 19.

3. Matini ya daktari na sauti za wazee

Mnamo tarehe 1 Juni 1872 jarida la British Medical Journal lilichapisha makala ya James Christie, daktari Mskoti aliyefanya kazi Unguja. Makala yalieleza ugonjwa uliosambaa kisiwani kuanzia Julai 1870 hadi Januari 1871, na jina lake katika kichwa ni la Kiswahili: Kidinga Pepo. Christie anajulikana zaidi kwa kitabu chake kikubwa kuhusu kipindupindu katika Afrika ya Mashariki, kilichotolewa London mwaka 1876, ambamo alifuatilia miripuko ya ugonjwa huo tangu mwaka 1821 hadi 1872. Kipindupindu kilichofika Unguja mwishoni mwa mwaka 1869 kiliua watu wengi mno. Na kabla mji haujapumua vizuri, homa hii nyingine ikaingia. Tofauti ni kwamba hii ya pili haikuua sana. Iliwashika watu ghafla, ikawaletea homa, vipele na maumivu makali ya viungo, na ikawaacha wengine wakiumwa viungo kwa muda mrefu baada ya homa kwisha.

Kwa msomaji wa tiba, makala hayo ni maelezo ya dalili. Kwa mhakiki wa fasihi ni matini yenye tabaka mbili. Tabaka ya juu ni sauti ya Christie: Kiingereza cha daktari, kinachopima na kulinganisha. Tabaka ya chini ni masimulizi ya watu wa Unguja. Daktari hakuubuni ugonjwa huu jina, aliukuta unaitwa. Zaidi ya hayo, wakazi wazee walimwambia kwamba waliwahi kuuona ugonjwa kama huo, wenye jina hilohilo, yapata mwaka 1823. Ni kumbukumbu ya miaka 47, iliyohifadhiwa bila karatasi.

Hapa ndipo elimu yetu ya fasihi simulizi inapohitajika. Kumbukumbu hudumu pale inapopata chombo cha kuibeba: methali, wimbo, jina. Katika mfano huu chombo ni jina. Vijana wa mwaka 1823 waliugua wakapona, wakazeeka. Nao walipowaona wajukuu wao wamejikunja kwa maumivu hawakuhitaji daktari awaambie kwamba jambo hili si geni. Walilitaja tu, na kulitaja kulikuwa kukumbuka. Ndiyo maana tunasema kwamba kidinga pepo si istilahi tu. Ni simulizi fupi iliyobanwa katika maneno mawili.

Tuitazame simulizi hiyo. Christie alieleza kwamba ni mshiko wa ghafla, kama mpindo wa misuli, unaosababishwa na roho mbaya. Fasiri yake ya pepo kuwa roho mbaya ni sahihi, lakini ni nyembamba. Katika Kiswahili pepo ana ukoo na upepo: kitu kisichoonekana ambacho athari yake huonekana. Pepo humpanda mtu, hupungwa, huzungumzishwa, huulizwa anataka nini. Mtu aliyepandwa hageuki kuwa mwili ulioharibika tu, bali anakuwa mtu aliye katika uhusiano, hata kama ni uhusiano asioutaka. Hivyo jina hili linabeba nadharia nzima ya ugonjwa: umetoka nje, umekuja kwa ghafla kama upepo, umemkamata mtu na kumpinda, na utaondoka. Nadharia hiyo haikuwa na virusi wala mbu. Lakini hata Christie hakuwa navyo. Virusi vya dengue vilitambuliwa maabarani katika miaka ya 1940. Mwaka 1870 daktari na mganga walikuwa wakitazama mwili uleule uliojikunja, na kila mmoja alikuwa na lugha yake ya kuueleza.

Hata hivyo, lugha hizo mbili hazikupata hifadhi sawa. Kila mtafiti aliyefuata amemtaja Christie kwa jina, kwa mwaka na kwa ukurasa. Wazee wa Unguja wametajwa kama wakazi wazee, basi. Tulinganishe na hati za Kiswahili zilizoko SOAS, London, ambazo baadhi yake zimewekwa pia katika mfumo wa dijitali. Humo tunamkuta Muhamadi Kijuma wa Lamu, mnakili na mshairi, ambaye mwandiko wake unajulikana na jina lake huheshimiwa. Hifadhi ya fasihi ilimtambua mwenye sauti. Hifadhi ya tiba ilichukua habari na kumwacha mtoa habari. Mtu anaweza kusema kwamba ndivyo sayansi inavyofanya, nasi tunakubali. Lakini mhakiki hana sababu ya kuirudia desturi hiyo.

4. Safari ya jina

Katika makala aliyoyachapisha Glasgow mwaka 1881, Christie alikwenda mbali zaidi. Katika visiwa vya Karibi ulizuka ugonjwa wa namna hiyo miaka ya 1827 na 1828. Katika visiwa vilivyotawaliwa na Waingereza uliitwa homa ya dandy, yaani mtanashati. Nchini Cuba ulijulikana kwa majina dunga na dengue. Christie aliuona mfanano wa dinga, dunga, dandy na dengue, akatoa hoja kwamba jina lilivuka bahari pamoja na watumwa kutoka Afrika ya Mashariki. Wengine wameshikilia kwamba dengue ni neno la Kihispania lenye maana ya madaha na madeko, na kwamba lilitumiwa kwa kejeli kwa sababu mgonjwa hutembea amekakamaa kama mtu anayejidai. Hoja hizi mbili si lazima zipingane. Jambo la kawaida katika historia ya lugha ni kwamba neno geni likifika pahali hutafutiwa sura ya neno la nyumbani linalokaribiana nalo kwa sauti na maana. Mhispania aliposikia dinga, alikuwa na dengue yake tayari. Mwingereza naye alikuwa na dandy yake.

Tunachopaswa kukisisitiza ni njia ambayo neno lilipitia. Ikiwa Christie alisema kweli, basi neno hili lilibebwa vinywani mwa watu waliokuwa wakisafirishwa kama bidhaa. Hawakuruhusiwa kubeba kitu. Walibeba lugha na kumbukumbu ya maradhi yao, na huko walikofikishwa walipougua au walipoona wengine wakiugua waliutaja ugonjwa kwa jina walilolijua. Kamusi za tiba zikalichukua jina na kulivua asili yake. Hadithi ya neno moja inakuwa hadithi ya biashara ya utumwa, iliyoandikwa pasipo mtu kukusudia kuiandika.

Neno lenyewe halikusalimika katika safari hiyo. Katika maandishi ya tiba tunalikuta likiwa ki-dinga pepo, ka-dinga pepo, ki-denga pepo, hata dyenga. Kwetu nako pepo amegeuka popo. Tunaweza kulieleza badiliko hili kama utelezi wa irabu, lakini ipo pia njia ya kulisoma kifasihi. Kadiri imani ya kwamba homa hii ni pepo ilivyofifia, neno lilihitaji taswira nyingine ya kulishikilia. Popo huning'inia kichwa chini, amejikunja na kujifunika mbawa. Anayemjua mgonjwa wa homa hii, asiyeweza kujinyoosha, hataona ajabu kwamba masikio ya Waswahili yaliikubali taswira hiyo.

5. Jina la ugonjwa upi?

Habari haiishii hapo. Mwaka 1952 na 1953 homa kali ya viungo ilizuka katika uwanda wa juu wa Makonde, wilayani Newala, kusini mwa Tanganyika. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliieleza katika makala mawili ya mwaka 1955, na virusi vyake vikatambuliwa kuwa vipya. Wenyeji waliiita chikungunya, neno la Kimakonde linalotaja hali ya kupinda na kujikunja. Kwa miaka mingi maandishi ya tiba, yakinakiliana, yalirudia kwamba neno hilo ni la Kiswahili. Si la Kiswahili, na ni haki ya Wamakonde lirudishwe kwao. Kosa hilo dogo linatufunza jinsi hifadhi kubwa inavyoweza kueneza habari mbaya kwa mamlaka ileile inayoenezea habari njema.

Mwaka 1971 Donald Carey, akizisoma upya ripoti za kale katika jarida la historia ya tiba, aliuliza kama miripuko ya 1823 na 1870 ya Unguja, pamoja na ile ya Bara Hindi ya 1824 na ya Karibi ya 1827, ilikuwa dengue kweli. Maumivu ya viungo yanayodumu, ambayo Christie aliyaeleza, yanafanana zaidi na chikungunya. Ikiwa hoja ya Carey ni sahihi, tunakabiliwa na kinaya ambacho mtunzi wa riwaya angekionea wivu: Waswahili waliupa ugonjwa mmoja jina, jina likasafiri, kisha likabandikwa ugonjwa mwingine, na ugonjwa wa asili ulipopata virusi vyake maabarani, ukapewa jina jipya kutoka kwa majirani zao Wamakonde. Nao majirani hao, bila kuambiwa na mtu, walikuwa wameuita kwa taswira ileile ya mwili uliopinda.

Mwaka 2004 chikungunya ilizuka Lamu, na uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba takriban asilimia 75 ya wakazi wa kisiwa waliambukizwa. Mwaka uliofuata ilikuwa Komoro, kisha Réunion, kisha Bara Hindi. Ni njia za bahari zilezile, au zinazokaribiana nazo, ambazo homa ya Christie ilizifuata miaka ya 1870 ilipotoka Unguja kwenda Aden na Bara Hindi. Wazee wa Lamu mwaka 2004 hawakuwa na sababu ya kumjua Christie. Lakini kama wazee wa Unguja wa mwaka 1870 waliweza kuunganisha vizazi viwili kwa jina moja, kukatika kwa uzi huo katika zama zetu ni hasara. Jamii inayopoteza jina la msiba huupokea kila mara kama msiba mpya.

6. Mipaka ya hifadhi ya dijitali

Yaliyotangulia yanaonyesha faida ya mikusanyo hii. Makala ya mwaka 1872, ambayo zamani yalihitaji barua, ada na miezi ya kungoja, sasa yanasomeka bila malipo. Hata hivyo, ni lazima tutaje mipaka yake.

Kwanza, ukurasa uliopigwa picha husomwa na programu ya kutambua herufi, na programu hiyo inapokutana na neno lisilokuwa katika lugha iliyofunzwa hulikisia. Neno la Kiswahili lililotiwa kistari au kuandikwa kwa mlazo hukatwa, hubadilishwa, au hupotea katika utafutaji ingawa jicho linaliona waziwazi. Pili, istilahi za fahirisi, tangu zama za Billings, ni za Kiingereza. Atafutaye kwa lugha yake mwenyewe huambiwa hakuna kitu, na mwanafunzi mgeni hudhani kwamba kweli hakuna. Tatu, majarida mengi ya karne ya 20 bado yamo chini ya haki miliki. Hivyo mara nyingine ni rahisi kumsoma daktari wa mwaka 1872 kuliko mtafiti wa mwaka 1972. Nne, na hili ndilo zito zaidi, hifadhi hii haina upande wa pili wa mazungumzo. Tunayo maneno ya daktari kuhusu waganga. Vitabu vya tiba vilivyoandikwa kwa hati za Kiarabu, vilivyonakiliwa kwa mkono na kuachwa katika makasha ya familia za mwambao, havikupata mtu wa kuviorodhesha kama Billings alivyoorodhesha vya wenzake. Mchwa na unyevu havingoji mradi.

7. Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba maktaba ya tiba ni pahali pa kazi kwa mhakiki wa Kiswahili. Neno kidinga pepo limetupa kumbukumbu simulizi ya karne ya 19, habari ya utumwa, mfano wa ukopaji wa maneno, na mfano wa makosa yanayonakiliwa hadi yakaonekana kweli. Hakuna tawi moja la elimu linaloweza kuyasoma yote hayo peke yake. Daktari anahitaji kuambiwa pepo ni nani, nasi tunahitaji kuambiwa viungo viliuma kwa muda gani.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu. Idara za Kiswahili ziwafunze wanafunzi wa uzamili kuzisoma nyaraka zisizokuwa za fasihi, na kuzisoma kwa mashaka yaleyale tunayoyaelekeza kwa msimulizi wa riwaya. Maneno ya Kiswahili na ya lugha jirani yaliyomo katika majarida ya tiba yakusanywe pamoja na tahajia zake zote, ili anayeyatafuta ayapate. Na hati za tiba za mwambao zinakiliwe zingali zinasomeka, wenye nazo wakitajwa kwa majina yao wakipenda kutajwa. Christie aliliandika neno alilolisikia, nasi tunamshukuru kwa hilo. Waliolitamka ni wetu, na kazi ya kuwasikiliza haiwezi kuachiwa mashine ya Bethesda.